Hiari ya Nani?

Neno la Kiingereza 'optional' limezoeleka vinywani mwa wanafunzi wa Eastlands, kuanzia Jericho hadi Kayole. Walimu wetu hulitafsiri 'la hiari', na tafsiri hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Hiari tuliipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili aghalabu hufungamana na mwenyewe: 'kwa hiari yangu', 'kwa hiari yake'. Wahenga waliposema kuwa hiari yashinda utumwa, walimaanisha utashi wa mtu, wala si nafasi tupu katika ratiba. Tusemapo 'somo la hiari', mwenye hiari hutoweka. Somo limevikwa sifa na mchaguzi hatajwi. Kiingereza hutenga kinachofanywa kwa utashi na kinachoweza kuachwa. Sisi tumevitia vyote katika chungu kimoja.

Hasara yake si ndogo. Shule yenye mwalimu wa Jiografia na isiyo na wa Muziki humwambia mwanafunzi kwamba masomo hayo mawili ni ya hiari, achague moja. Hiari hiyo ni ya nani? Nimewahi pia kusoma barua aliyoletewa jirani yangu Buruburu, ikiomba 'mchango wa hiari' wa masomo ya likizo, pamoja na kiwango na siku ya mwisho ya kulipa! (Masomo hayo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.) Mchango wa namna hiyo ni karo.

Mnamo 2025 mkanganyiko huu ulifika ngazi ya taifa. Ilitangazwa kuwa Hisabati isingekuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu. Baadhi walisikia uhuru. Wengi, nami nikiwamo, tulisikia ruhusa ya kupuuza. Mwezi Aprili Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kuwa Hisabati itasomwa na wote, ila ya wanasayansi itakuwa nzito zaidi.

Napendekeza tuseme 'somo la kuchagua' pale mwanafunzi anapochagua kweli, na 'si la lazima' pale linapoweza kuachwa. Anayeng'ang'ania 'hiari' katika tangazo la shule na amtaje mwenyewe: mwanafunzi, mzazi au mwalimu mkuu. Sijui mwandishi wa barua ile ya Buruburu angemtaja nani.