Hakuna Aliyesoma Peke Yake

Nimechoka kusikia kauli hii: "Mtoto mwenye akili hujisomea mwenyewe." Safari hii imetoka kinywani mwa mgeni rasmi, kwenye hafla ya kuwapa wanafunzi zawadi hapa Bwiza, Bujumbura. Vijana wa mtaa walikuwa wameomba chumba cha kuwasomesha watoto jioni, bila malipo. Mzee yule akashika maikrofoni, akasema msaada huwalemaza watoto. Yeye alisoma kwa kibatari na hakuna aliyemshika mkono. Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi hata wazazi ambao watoto wao ndio wanaokwama!

Mzee wangu, kwa heshima zote: mafuta ya kile kibatari alinunua nani? Nani aliteka maji zamu yako ili wewe ubaki na daftari? Hakuna mtu aliyesoma peke yake. Wapo waliosahau tu.

Pandeni Kiriri jioni, au piteni Rohero. Mwalimu wa nyumbani ameketi mezani na mtoto wa tajiri, anamrekebishia imla, anamrudishia hesabu mpaka ieleweke. Mwisho wa mwezi analipwa. Wenye pesa wa mji huu hawajawahi kuamini hata siku moja kwamba mtoto hujisomea. Imani hiyo wamewaachia watoto wa Buyenzi, Kinama na Kamenge. Kama msaada unalemaza, mbona wao wanaununua? Na konkuru, mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa, ni ile ile moja, kwa aliyesaidiwa na kwa asiyesaidiwa.

Mtazameni mtoto wa Buyenzi. Nyumbani kwao ni Kiswahili. Shuleni anaanza kwa Kirundi. Akifika mwaka wa tano, masomo yanageuka Kifaransa, na Kiingereza nacho kinamsubiri. Hesabu anaijua. Mpe sinia la maandazi akauze, atakuletea pesa zote bila kukosea. Lakini swali la hesabu likiandikwa kwa Kifaransa anazama katika sentensi kabla hajazifikia namba. Tunamwita mjinga. Akili gani itamfundisha Kifaransa usiku, peke yake, kwenye nyumba ambayo hakuna anayekijua, na umeme umekatika? Anahitaji mtu akae ubavuni mwake, asome naye, amfafanulie, na wiki ijayo arudi. Ni hilo tu.

Msiniambie hiyo ni kazi ya mwalimu. Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza alifuta karo ya shule za msingi. Lilikuwa jambo jema, na watoto wa maskini wakaingia kwa wingi. Madarasa yakafurika. Mwalimu aliyesimama mbele ya umati ule, watoto wakibanana kwenye dawati moja, atamsikiliza nani akisoma? Akimaliza kuita majina tu, muda umeshakwenda.

Kuna na wengine wanaosema vijana wanaojitolea lazima wana ajenda ya siri. Ndugu hawa wakimwona kijana anamweleza mtoto kugawanya sehemu, wanaona njama. Njama ya kumwibia nini? Kifutio?

Tena jambo hili la kusomeshana si geni kwetu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mwanafunzi mkubwa humsikiliza mdogo, na hakuna aliyewahi kusema watoto wetu wamelemazwa. Warundi wanasema umwana si uw'umwe, mtoto si wa mmoja. Kule Kamenge, mapadri Wazaveri walianzisha kituo cha vijana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, mitaa ya kaskazini ya mji ikagawanyika kwa damu, na bado vijana Wahutu na Watutsi waliendelea kukutana pale kwenye maktaba, masomo na michezo. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Dunia iliona tusichotaka kuona sisi tulio hatua chache tu kutoka pale.

Hata watafiti wameliona: mwaka 1984 Mmarekani Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake mwenyewe aliwapita 98 kati ya kila 100 wa darasa la kawaida. Nasema wa kawaida, sikusema mwenye kipaji.

Nitasema na hili, hata kama litawaudhi jamaa zangu. Harusi ikitangazwa katika mji huu, kamati inaundwa siku hiyo hiyo. Vikao vinafuatana, michango inadaiwa kwa simu, vitenge vya sare vinanunuliwa hata na asiye na unga ndani. Tunajua kujipanga! Lakini ukiomba chumba kimoja, taa moja na ubao kwa ajili ya watoto wa avenyu nzima, ghafla kila mtu anakumbuka kwamba mwenye akili hujisomea.

Mimi nilikuwa na kaka mmoja jirani yetu Buyenzi, fundi wa magari. Jioni alinawa girisi mikononi, akaniita nisome kwa sauti, akanisahihisha. Hakulipwa na mtu. Bila yeye nisingeandika safu hii kwa lugha yoyote.

Basi wenye misikiti, fungueni madrasa Jumamosi mchana, kazi za jamii za asubuhi zikishakwisha. Wenye parokia, toeni kumbi. Vijana mliomaliza sekondari mkisubiri chuo kikuu, inukeni ligalani, huko vijiweni, kila mmoja ashike watoto wawili na asiwaachie mpaka konkuru ipite. Na ninyi wazazi, acheni kuwapigia makofi wanaowaambia watoto wenu kwamba hawastahili kusaidiwa.