Mpira Si Ngozi

Pale Bodo, barabara ya vumbi inapokwisha na watu kupanda mashua kwenda Funzi, gari halina siri. Likiingia shimoni linalia kwiu, kwiu, na kila aliyekaa kivulini ana dawa yake. "Mipira imekauka hiyo, babu. Ipulizie dizeli." Mwingine analeta oili chafu, mwingine grisi. Nimewahi kumwona mtu mzima na heshima zake akiupaka mpira wa mlango mafuta ya nazi, taratibu, kama anayemtayarisha mtoto kwenda chuoni.

Huruma hiyo ndiyo inayoua magari yetu.

Najua imetoka wapi. Mtu wa pwani amelelewa kwamba kilichokauka hupakwa mafuta: ngozi, nywele, hata ubao wa chombo ulipakwa sifa ya papa. Lakini mpira si ngozi, wala si ubao. Haufi kwa kiu ya mafuta. Unauawa na jua, joto na ozoni iliyo hewani, na ufa ukishatokea hakuna mafuta ya kuurudisha. Ukiumwagia dizeli unaufanyia jambo jingine kabisa: mafuta yanapenya ndani, mpira unavimba, unalainika kama chapati iliyolala kwenye mchuzi. Siku ile kelele inanyamaza na fundi anasifiwa. Baadaye bushi imelegea, usukani unacheza, tairi zinalika upande mmoja, na lawama inabebeshwa barabara.

Tena bushi ya mpira haihitaji kulainishwa. Mpira wake kwa kawaida umegandishwa kwenye chuma. Hausuguani, unajipinda na kurudi. Kinachoiua bushi mpya mapema ni fundi kukaza nati gari likiwa juu ya jeki. Likishushwa, mpira unabaki umesokoteka kabla hata safari haijaanza, na shimo la kwanza linauchana. Nati zile hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Hilo silisikii likisemwa kivulini.

Wabishi wana hoja yao moja nzuri: mbona sili za injini zinaogelea kwenye oili miaka na miaka? Ni kweli, kwa sababu mipira si kabila moja. Sili ya injini mara nyingi ni ya naitraili au mpira mwingine uliotengenezwa kuvumilia oili. Bushi nyingi ni za mpira wa asili. Mpira wa mlango na paipu ya rejeta mara nyingi ni wa aina iitwayo EPDM, ambao unastahimili jua na maji ya moto lakini ukikutana na mafuta ya petroli unavimba. Kumpa kila mmoja dawa ya mwenzake si ufundi.

Na kuna pahali ujinga huu hauishii kwenye kelele. Mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, hayana petroli ndani yake, na mipira ya breki imetengenezwa kwa ajili yake. Mtu akijazia oili ya injini au ya usukani "kwa dharura tu", mipira inavimba ndani ya silinda. Breki zinaanza kushika zenyewe, halafu siku moja hazishiki. Fikiria siku hiyo ikukute kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni. Hapo kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Mipira yote iliyoguswa hubadilishwa.

Kichekesho ni kwamba dawa ya jadi inaota majalalani kwetu. Mbarika! Mafuta ya breki ya zamani yalikuwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na spiriti, na ile grisi nyekundu ya mipira ya breki asili yake ni huko huko. Hata jina Castrol limetokana na mbarika. Sisemi ukakamue nyuma ya nyumba. Nasema mafuta hayafanani kwa sababu tu yote yanateleza.

Kwa mpira wa mlango, maji na sabuni, kisha silikoni kidogo. Kwa bushi inayolia, silikoni ikutulize mpaka upate mpya, maana kelele ni taarifa. Na chumvi ya bahari inayotutia hofu inakula chuma. Mpira, chumvi haina haja nao. Gari lioshwe chini kwa maji baridi, na kijana wa pampu ya kupulizia dizeli umwambie ahsante, leo hapana.

Kama bado unabisha, kata vipande viwili sawa vya tyubu kuukuu. Kimoja kitie kwenye dizeli, kingine kwenye mafuta ya breki, ulale. Asubuhi vilaze juu ya rula.