Kuhani wa Kukodi

Katika Waamuzi sura ya 17 yumo mtu wa milima ya Efraimu, jina lake Mika. Alimwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, akavirudisha alipoisikia laana. Mama naye akatoa 200 zikatengenezwa sanamu. Ndipo akapita kijana Mlawi kutoka Bethlehemu, anatafuta mahali pa kukaa. Mika akamwajiri: vipande 10 vya fedha kwa mwaka, mavazi na chakula. Akatulia, akiamini kwamba sasa Bwana atamfanikisha, maana ana kuhani nyumbani.

Wahubiri wengi huikemea sanamu na kuupita ule mshahara. Sisi tunaona ubaya mkubwa umo humo. Mika alitafuta mtu wa kumcha Mungu kwa niaba yake.

Mtu atauliza: si Torati yenyewe iliyoweka makuhani? Ndiyo. Lakini someni Walawi sura ya 1. Mwenye sadaka ndiye aliyeweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, na ndiye aliyechinja. Kuhani aliipeleka damu madhabahuni. Na katika Kumbukumbu la Torati 6 kazi ya kuwafundisha watoto imewekwa mikononi mwa wazazi, nyumbani na njiani.

Huku kwetu Munisagara mzazi humleta mtoto darasa la kipaimara kama anayepeleka mahindi mashineni. Ukimuuliza kama wanasali nyumbani, anacheka: "Mchungaji, hiyo si kazi yenu?" Mto Mkondoa ukifurika na mwinjilisti akashindwa kuvuka, wapo wanaorudi kutoka kanisani bila kuimba hata wimbo mmoja, na kitabu cha nyimbo wanacho kwapani.

Aliyezoea hivyo, shida ikimpata hutafuta kuhani mwenye nguvu zaidi. Siku hizi sadaka inatumwa kwa simu ili mtu wa mbali aombe. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Hatuwacheki. Walikwenda na uchungu, kama Hana alivyokwenda Shilo na uchungu wake. Ila Hana aliomba mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli, pamoja na cheo chake chote, akadhani amelewa. Mungu alimsikia wakati kuhani hajaelewa lolote. Je, waliokwenda Moshi tuliwahi kuwafundisha kwamba hilo linatosha?

Wala wachungaji tusijitoe. Umlawi wa Mika tunaupenda. Tunaitwa kuombea kila pikipiki mpya, tunapewa kuku, tunarudi tumeridhika. Hatumwambii mwenye pikipiki aombe yeye nasi tuitikie amina. Na hao ndio sisi tunaojivunia Luther, aliyepinga mwaka 1517 biashara ya vyeti vya msamaha!

Habari ya Mika inaishia sura ya 18. Wadani 600 wenye silaha walipita, wakamwuliza yule Mlawi kama si heri awe kuhani wa kabila zima kuliko wa nyumba moja. Moyo wake ukafurahi. Akaichukua sanamu, akafuatana nao. Mika akawakimbilia akilia kwamba wamemchukulia miungu yake na kuhani wake, basi amebaki na nini? Wakamwambia anyamaze, wasije wakamuua. Akageuka, akarudi nyumbani.