Gates of Olympus 1000: Kizidisho Kimepanda, Marejesho Yako Palepale

Tangu Pragmatic Play ilipotoa Gates of Olympus 1000 mwishoni mwa mwaka 2023, mchezo huu wa sloti umekuwa ukinadiwa kama toleo lililoboreshwa la ule wa 2021. Wa kwanza ulikuwa na kizidisho cha juu cha mara 500, na ushindi wake mkubwa kabisa ulikuwa mara 5,000 ya dau. Huu mpya una kizidisho cha mara 1,000 na ushindi unaofika mara 15,000. Takwimu hizo ni za kweli. Ninachokipinga ni maelezo yanayopambwa nazo, maana vijana wengi wanayaamini na kuyawekea pesa ya kodi ya nyumba.

Kwanza, eti mchezo mpya unalipa zaidi. Si kweli. Yote miwili, katika toleo lake kuu, imewekewa kiwango kimoja cha marejesho: 96.50%. Yaani katika kila shilingi 100 zinazowekwa na wachezaji wote kwa muda mrefu, shilingi 96.50 zinawarudia na 3.50 zinabaki kwa kampuni. Kilichobadilika ni mgawanyo. Fungu ni lilelile, kwa hiyo sehemu inayokwenda kwa wachache wanaopata ushindi wa kutisha ikikua, sehemu ya wengine wote inapungua. Anayeumia zaidi ni mchezaji mwenye salio dogo, ambaye alikuwa akiishi kwa ushindi mdogo na wa kati. Salio lake linaweza kukauka mapema zaidi kuliko kwenye mchezo wa zamani, na hilo hakuna tangazo linalomwambia.

Tena hata hiyo 96.50% si ya kila mahali. Mtengenezaji huzipa kampuni za kubeti matoleo kadhaa ya mchezo huohuo, na mojawapo linarejesha 94.50%. Picha ni zilezile, muziki ni uleule, mungu Zeus anaelea pembeni vilevile. Chukua mtu anayeweka dau la shilingi 500 na kuzungusha mara 400, jambo ambalo kwa sekunde 5 kila mzunguko halifiki dakika 35. Atakuwa amezungusha shilingi 200,000. Hasara yake ya wastani kwenye toleo la 96.50% ni shilingi 7,000. Kwenye lile la chini ni 11,000. Kiwango cha marejesho kimeandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo, na kingefaa kisomwe kabla ya kuweka hata shilingi moja.

Pili, kizidisho cha mara 1,000. Watu wanakizungumzia kana kwamba kikionekana tu, umeshatajirika. Sheria za mchezo hazisemi hivyo. Kwenye kolamu 6 na mistari 5, unashinda pale alama za aina moja zinapofika 8 au zaidi, popote zilipo. Alama hizo zinatoweka, nyingine zinaporomoka kujaza nafasi, na hesabu inaendelea mpaka pasipatikane ushindi mwingine. Hapo ndipo vizidisho vilivyo kwenye kioo hujumlishwa na kuzidishwa na ulichopata. Kama hukupata kitu, mara 1,000 ya sifuri ni sifuri. Na kikiangukia ushindi mdogo kabisa, robo ya dau, unapata mara 250 ya dau. Ni pesa nzuri, lakini iko mbali sana na 15,000 iliyoandikwa kwenye tangazo.

Robo hiyo ya dau ndiyo inayonifikisha kwenye dai la tatu, kwamba mchezo "unatoa toa" kila mara. Ziangalie alama 8 za kito cha buluu: dau lako ni 500, kioo kinawaka, sauti ya ushindi inapigwa, na namba inayopanda inasimama kwenye 125. Umepoteza 375 huku unapongezwa. Macho na masikio yako yanahesabu ushindi, wakati salio linashuka. Uingereza iliona ubaya wa jambo hili, na tangu Oktoba 2021 imekataza sloti za mtandaoni kushangilia marejesho yasiyozidi dau.

Kuhusu imani kwamba mashine iliyokula sana "imeiva" na bonasi ya mizunguko ya bure iko karibu, jibu ni fupi. Kila mzunguko hutolewa kwa namba za nasibu, na haukumbuki uliotangulia. Mizunguko 300 mikavu haikudai lolote, na haikuahidi lolote.

Na wale wanaorusha video wakishinda mamilioni? Baadhi yao hulipwa na kasino ili wacheze. Huwezi kulinganisha mfuko wao na wako.

Dai linaloniumiza zaidi ni la mwisho: kwamba kununua bonasi ni ujanja wa wanaoujua mchezo. Kwa kawaida mizunguko 15 ya bure hupatikana zikianguka alama 4 maalumu ziitwazo skata. Unaweza kuongeza dau kwa 25% ili nafasi hiyo iwe maradufu, au kubonyeza kitufe na kuilipia papo hapo mara 100 ya dau. Kwa dau la 500, hizo ni shilingi 50,000 kwa mbonyezo mmoja. Ni kweli kwamba vizidisho vya ndani ya bonasi hukusanywa kadiri unavyoshinda, na hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo. Lakini hata kwa kiwango cha 96.50%, wastani wa kinachorudi ni 48,250, na wastani huo umevutwa juu na bonasi chache kubwa mno. Walio wengi hupata chini yake, na wengine hurudi na elfu tano au kumi. Hakuna ujuzi wowote unaobadilisha hesabu hiyo. Kinachobadilika ni kasi ya pesa kuisha.

Mwaka 2019 Tume ya Kamari ya Uingereza ilizitaka kampuni kuondoa kitufe cha aina hii, kwa sababu kinamsukuma mchezaji kuweka dau kubwa kuliko alilokusudia. Mchezaji wa London kwenye tovuti yenye leseni ya huko hakioni kabisa. Na tangu 2025 hawezi kuweka zaidi ya pauni 5 kwa mzunguko, au pauni 2 akiwa na umri wa miaka 18 hadi 24.