Uyoga: tuulime, tuule, lakini tusidanganyane

Watu wengi wanasema uyoga unaponyesha kila ugonjwa. Sisi tunasema: ni mboga nzuri, tuulime, lakini mgonjwa apelekwe hospitali.

Uyoga wa kichuguu hatuwezi kuupanda, sababu unaishi pamoja na mchwa. Lakini ule wanaouita pleroti unakubali nyumbani. Tunakatakata majani makavu ya migomba ao maganda ya maharagwe, tunayaloweka katika maji ya moto sana saa moja, tunayakamua. Yakipoa tunayachanganya na mbegu ndani ya mfuko, tunautoboa matundu. Unakaa gizani majuma 3 hivi, mpaka unakuwa mweupe wote. Kisha tunaupa hewa, mwangaza kidogo, na kunyunyiza maji kila siku. Mfuko ukigeuka kijani, umeoza: tuutupe mbali na ingine.

Ku jiko, tunaupika na kitunguu, nyanya na mafuta ya ngazi mpaka uive vizuri. Bugali itashuka yenyewe!

Na dawa je? Mwaka wa 1985 serikali ya Japani ilikubali lentinani, dawa iliyotolewa katika uyoga wa shitake. Lakini ilikuwa sindano ya hospitali, pamoja na dawa zingine za kansa. Haikuwa supu.

Basi, anayemwuzia mama unga wa uyoga na kumwambia asipeleke mtoto wake ku dispanseri, huyo anacheza na uzima wa mtu. Tukimsikia, tusinyamaze.