Kichwa cha Treni cha Mkebe

Juzi nilikuwa Msambweni, nikamkuta kijana barazani akiunda kichwa cha treni. Vigari viwili vya plastiki vya dukani amevivunja, akatoa magurudumu. Bodi ameikata kwa mkebe wa mafuta, vishikio ni waya, rangi ni damu ya mzee.

Si treni ya Wachina iliyoanza safari mwaka 2017. Ni dizeli ya English Electric, aina iliyoingia kazini mwaka 1960 katika Reli ya Afrika Mashariki, na leo imeadimika. Hakupata kuiona. Babu yake, aliyefanya kazi relini, ndiye aliyemhesabia magurudumu: 16, ili uzito usambae, reli nyembamba zisielemewe.

Mpita njia akamwambia, "Hiyo ni sanamu, haifai." Nami nauliza: chuma kina roho? Wanavyuoni wengi wamekataza sura ya chenye roho. Jahazi, mti na garimoshi havimo.

Reli imepita Kwale hii hii, Samburu, Taru hadi Mackinnon Road, pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali. Wangapi katika sisi tumewauliza wazee wetu habari zake? Vichwa vile vikikatwa chuma chakavu, na wazee wakenda mbele ya haki, tutabaki na nini?

Wazazi, msimkataze. Mnunulieni gundi, na mzee akae naye. Mcheza kwao hutunzwa.