Neno la Hapana si Uasi

Kuna watu wanaodhani ya kuwa umoja ni kunyamaza. Kwao, chama kizuri ni kile ambacho viongozi husema na wanachama huitikia. Na mwanachama bora ni yule aletewaye karatasi akatia sahihi bila kuuliza kilichoandikwa ndani yake. Wakimwona mtu anasimama mkutanoni na kusema, "Mimi sikubali," humwita mfitini, mchochezi au mwasi. Nia yangu katika insha hii ni kuipinga fikira hiyo. Nasema ya kuwa katika chama cha watu huru neno la hapana, likisemwa kwa ujuzi na mahali pake, ni nguzo ya umoja. Na chama kinacholiogopa neno hilo kimekwisha kuanza kuanguka, ijapokuwa bendera yake ingali yapepea.

Ushahidi wangu nitautoa kwa marubani wa ndege. Hawa ni watu wa amri na utii. Maisha ya mamia ya abiria yamo mikononi mwao, wala hakuna anayetaka kusafiri katika ndege ambayo kila neno la rubani mkuu hufanyiwa mjadala. Ikiwa watu wa namna hii wana haja ya neno la hapana katika chama chao, sisi wengine tutawezaje kulikosa?

Kwanza na tufahamu jinsi mapatano ya kazi yanavyofanywa. Marubani huchagua viongozi wa chama. Viongozi huteua wajumbe wachache, na wajumbe hao huketi na wakubwa wa shirika la ndege, wakajadili mishahara, saa za kazi, siku za mapumziko na akiba ya uzeeni. Wakipatana, huandika mapatano ya muda. Baraza la viongozi huyapima, na likiridhika huyapeleka kwa wanachama wote, nao hupiga kura. Kura hiyo ndiyo mlango wa mwisho. Kabla yake hapana mkataba, pana pendekezo tu.

Nchini Marekani mlango huo huchukua muda mrefu kufikiwa. Sheria ya mwaka 1926 iliyotungwa kwa ajili ya njia za reli, na ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa ikatawala na kazi za ndege, yasema ya kuwa mkataba haufi siku yake inapofika. Huendelea kutumika mpaka mpya upatikane, wala marubani hawaruhusiwi kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ya serikali iwafungulie njia. Kwa hiyo mazungumzo huweza kuendelea kwa miaka. Mtu aliyengoja miaka mingi huchoka, na aliyechoka ni mwepesi wa kupokea lolote analopewa. Hapo ndipo jaribu lilipo.

Jaribu hilo liliwapata marubani wa shirika la United. Mkataba wao ulifikia wakati wa kubadilishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata maradhi ya korona yakazifunga anga za dunia, na mazungumzo yakasimama. Mwezi wa Juni mwaka 2022 baraza la viongozi wao likayakubali mapatano ya muda, yenye nyongeza ya mshahara iliyozidi 14 kwa mia katika kipindi cha miezi 18. Chama chao, kijulikanacho kwa ufupisho wa ALPA, kiliundwa mwaka 1931 na si chama changa. Viongozi waliona wamefanya kazi njema, na yamkini walisema kweli kwa kadiri ya macho yao.

Lakini marubani wakaanza kuulizana. Waliotaka kukubali walikuwa na hoja yenye uzito: haba na haba hujaza kibaba, fedha iliyo mkononi ni bora kuliko ahadi ya kesho, na mazungumzo yakifunguliwa tena hapana ajuaye yatafungwa lini. Waliokataa nao walikuwa na hoja. Mwezi ule ule wa Juni bei za vitu Marekani zilikuwa zimepanda kwa 9.1 kwa mia katika mwaka mmoja. Nyongeza iliyoonekana nono ingeliwa sokoni kabla ya kufika nyumbani. Tena, marubani wengi walikuwa wamestaafu mapema mwaka 2020, na mashirika yalikuwa yakitafuta marubani kwa bidii. Aliye na kitu kinachotafutwa hakiuzi kwa bei ya kwanza. Na fedha haikuwa jambo la pekee. Rubani aitwaye kazini siku ya mapumziko yake hawezi kulipwa usingizi kwa noti.

Tarehe 1 Novemba mwaka 2022 matokeo ya kura yakatangazwa: 94 katika kila 100 waliopiga kura walisema hapana.

Wapenda kimya wangetazamia nini baada ya pigo hilo? Wangetazamia chama kigawanyike, shirika licheke, na marubani wajute. Haikuwa hivyo. Wajumbe walirudi mezani, na safari hii walijua bila shaka watu wao wanataka nini. Mwanzoni mwa Machi mwaka 2023 marubani wa shirika jingine kubwa, Delta, walipitisha mkataba wa nyongeza ya 34 kwa mia kwa miaka minne, na mkataba huo ukawa kipimo cha wengine. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo marubani wa United walipiga kura tena. Safari hii 82 katika kila 100 walisema ndiyo, kwa mkataba wenye nyongeza iliyoweza kufika 40 kwa mia katika miaka minne. Sisemi ya kuwa kura ya hapana peke yake ilileta neema hiyo. Upungufu wa marubani na mfano wa Delta vilisaidia sana. Nasema kwamba chama hakikufa kwa kukataliwa pendekezo lake. Kilipata nguvu ambayo kisingeipata kama wanachama wangeinamisha vichwa mwezi wa Juni.

Sasa na tuwasikilize wanaotupinga, kwa kuwa hoja isiyojibiwa haikushindwa.

Wao husema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Methali hii ni ya kweli, lakini hutumiwa vibaya. Haisemi ya kuwa mabaharia wafungwe vinywa. Nahodha na awe mmoja. Lakini nahodha asiyesikia sauti ya mtu aliye gubetini huujua mwamba kwa kuugonga. Marubani walilijifunza jambo hili kwa damu. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Kanari, ukungu ulikuwa umetanda, na ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa katika njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa KLM alianza kuondoka bila ya kupewa ruhusa. Mhandisi wake akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa yakini ya kuwa imetoka, na mhandisi hakushikilia tena neno lake. Ndege zikagongana. Watu 583 wakafa.

Tangu miaka hiyo marubani wa dunia nzima wamekuwa wakifunzwa ya kuwa mdogo lazima aseme aonapo hatari, na mkubwa lazima asikilize. Utii haukuondolewa, uliondolewa uziwi. Basi, watu waliofunzwa hivyo wakiwa angani, kwa nini wafunzwe kinyume chake wakiwa katika mkutano wa chama chao?

Husema tena, "Mazungumzo ya mkataba ni siri, hayawezi kufanywa sokoni." Hili nalikubali kwa nusu. Mjumbe aliyeketi na wakubwa wa shirika hawezi kutangaza kila asubuhi mwisho wa subira yake ni wapi, maana angekuwa kama mcheza karata anayeonyesha karata zake zote. Lakini siri hiyo ina mpaka. Karatasi ikiisha kuandikwa, siri imekwisha. Mwanachama ana haki ya kuisoma yote, kifungu kwa kifungu, si kusomewa sifa zake tu. Kiongozi anayewaambia watu, "Tuaminini, ni mkataba mzuri," huku akificha kurasa zenye uchungu, amegeuza amana kuwa mali yake. Na anayewaharakisha wapige kura kabla ya kusoma hana tofauti na mchuuzi anayekukataza kukifunua kikapu cha samaki.

Hoja yao ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Husema, "Hapana ya watu wengi yaweza kuwaangamiza wote." Ni kweli, na mfano uko. Mwaka 1989 marubani wa Australia walidai nyongeza iliyokaribia 30 kwa mia. Serikali ya Bob Hawke ilikuwa na mapatano ya taifa zima juu ya kiasi cha kupandisha mishahara, ikaona dai hilo litayavunja, na ikasimama upande wa mashirika. Mwezi wa Agosti marubani zaidi ya 1,600 wakajiuzulu kwa pamoja. Umoja wao ulikuwa mkubwa ajabu. Lakini serikali ilitoa ndege za jeshi kuwachukua abiria, mashirika yakaajiri marubani kutoka nchi za nje, na wengi wa wale waliojiuzulu hawakurudi tena katika viti vyao.

Tujifunze nini hapo? Wapenda kimya watasema, "Tazama, ubishi umewaponza." Nami nasema kilichowaponza si ubishi wa wao kwa wao. Walikuwa kitu kimoja, lakini nguvu ya upande wa pili ilikuwa kubwa kuliko walivyoipima, na umoja usiopimwa ni kama mashua iliyojaa watu wenye moyo mmoja ambayo hakuna aliyechungulia kama inavuja. Ni katika mjadala mkali, mtu akiuliza, "Na serikali ikiwaunga mkono, tutafanya nini?" ndipo mashua hukaguliwa. Anayeuliza swali hilo huitwa mwoga leo. Kesho huenda akaonekana ndiye aliyewapenda wenzake.

Kwa hiyo neno la hapana lina masharti yake. Asemaye hapana sharti awe amesoma. Sharti ajue anataka nini badala ya kile anachokikataa, na kwamba gharama ya kukataa ataibeba yeye pamoja na wenzake. Hapana isiyo na masharti hayo ni kelele, wala siitetei.

Hapa kwetu Kenya jambo hili halitoki mbali. Siku nne tu baada ya kutangazwa kura ile ya Marekani, tarehe 5 Novemba mwaka 2022, marubani wa Kenya Airways walianza mgomo. Madai yao yalihusu mchango wa shirika katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, pamoja na mishahara iliyocheleweshwa tangu siku za korona. Safari nyingi zilivunjwa, abiria wakakaa juu ya mizigo yao uwanjani Nairobi, na mahakama ikawaamuru marubani warudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9. Nchi iligawanyika: wengine waliwalaumu marubani, wengine wakalilaumu shirika. Mimi sikusudii kuwahukumu hapa. Nataka kusema hili tu: mgomo ni hapana ya mwisho, nayo ni ghali kwa kila mtu, hata kwa yule asiyekuwamo katika ugomvi. Hapana ya kwanza, isemwayo mkutanoni juu ya karatasi, ni rahisi zaidi. Kila inaposikilizwa mapema, huenda ile ghali isihitajike.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, humpa mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho, kushiriki katika shughuli zake, na kugoma. Watu hulikumbuka neno la mwisho na kulisahau lile la kushiriki. Wengi hulipa ada ya chama kila mwezi na hawaonekani mkutanoni mwaka mzima. Mkataba ukitoka, hukaa barazani na kunong'ona ya kuwa viongozi wameuza haki zao. Nawauliza watu hawa: mlikuwa wapi kura ilipopigwa? Haki unayoiacha mlangoni haiibwi, umeitupa mwenyewe. Nami huwalaumu hawa kuliko viongozi wadanganyifu, maana mdanganyifu hawezi kustawi pasipo watu waliolala.

Vijana mnaosoma, siku moja nanyi mtaketi katika mikutano ya vyama: vya walimu, vya wauguzi, vya wakulima, au vya marubani. Hata leo mna mabaraza ya wanafunzi. Mkiletewa karatasi, isomeni. Msipoielewa, ulizeni. Mkiikubali, semeni ndiyo kwa moyo mmoja na mtimize mliyoahidi. Mkiikataa, simameni mseme hapana mbele ya watu, kwa adabu na kwa sababu. Kisha kura ikihesabiwa na mkashindwa, shikamaneni na wenzenu, maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kiongozi mwema hataliogopa neno lenu. Atalichukua kama rubani mwenye hekima achukuavyo onyo la msaidizi wake katika ukungu: atapunguza mwendo, atatazama tena njia, na abiria wote watafika salama.